Walikuwa Wanaifuata Biriani

Mkitaka kuniudhi, vijana, njooni kwangu mniulize habari za "mwendo wa Qantab". Haupiti mwezi asinijie mmoja wenu. Anakuja na kamera shingoni na koti jeusi katika joto hili la Maskati, anakaa kwenye kochi langu hapa Al Khuwair, anakataa haluwa kwa sababu ya afya yake, kisha anateremsha sauti utadhani yumo msikitini: "Bibi Rayya, ulijisikiaje kuona sanaa ikizaliwa mbele yako?" Nilisikia njaa, mwanangu. Sote tulikuwa na njaa siku ile, na hiyo ndiyo siri yenyewe mnayoifanyia semina.

Kwa asiyejua, na wengi wenu mnaotikisa vichwa hamjui, mimi nilifanya kazi ya filamu na televisheni hapa Maskati mpaka nilipostaafu. Sikuwa mwigizaji wala mwongozaji. Nilikuwa mtu wa daftari. Filamu haipigwi kwa mpangilio mnaouona mkikaa na bisi zenu. Leo mtu anapigwa picha akiingia mlangoni, wiki ya pili ndiyo anapigwa picha akiwa ndani, na lazima pawe na mtu mmoja anayekumbuka kwamba aliingia na kikombe mkono wa kushoto, chai imefika nusu, na jasho limeshalowa kwapani. Mtu huyo nilikuwa mimi. Nyinyi siku hizi mnasema mashine inakumbuka kila kitu. Nimeiona filamu ya mmoja wenu juzi juzi: bwana harusi anatoka kwao ana ndevu, anafika kwa bibi harusi hana. Labda mashine ilikuwa likizo.

Andikeni kwa penseli. Hilo ndilo la kwanza alilonifunza Ami Nassor. Wino unavuja kwa jasho, tena kazini mambo yanabadilika kila saa, na penseli inafutika. "Ukikosea, futa," alikuwa akiniambia. "Usione haya, mwanangu. Haya ni ya anayekosea akaacha."

Ami Nassor hakuwa ami yangu wa damu. Alizaliwa Unguja kama baba yangu, akaja Oman kijana, na wakati ninaanza kazi yeye alikuwa msaidizi wa mwongozaji. Yeye ndiye aliyepanga watu, aliyewanyamazisha, aliyewaambia waende wapi na lini. Alikuwa na kipaza sauti cha mkononi ambacho hakikumtoka hata akienda kutawadha, na alikuwa na sharti moja ambalo wageni walilicheka mpaka liwapate: kazini hakuna kusema "sawa".

Sababu mnaijua nyinyi mliokulia katika nyumba za lugha mbili. Kwetu sisi wa kutoka Zanzibar, sawa ni sawa: haya, tayari, nimekubali. Kwa Waarabu wenzetu, sawa maana yake pamoja. Siku moja tulikuwa tunapiga picha ya kijana anayeingia peke yake kwenda kuposa. Mpiga picha akauliza kama yuko tayari, mmoja wetu akajibu "sawa", na mlangoni wakaingia kijana, wajomba zake saba na mbuzi. Tokea siku hiyo Ami Nassor akalipiga marufuku neno lile. Tulisema "tayari". Aliyeteleza akasema "sawa" alipewa adhabu ya kumimina kahawa. Anasimama, dele mkono wa kushoto, finjani mkono wa kulia, anamnywesha kila mtu kuanzia mwongozaji mpaka dereva, na hakai mpaka wa mwisho atikise finjani yake. Mnaijua desturi, usipoitikisa unamiminiwa tena. Madereva walikuwa wakinywa finjani kumi kumi kwa makusudi ili mtu atie akili.

Sasa huyu mwongozaji wenu wa Kijapani. Jina lake mnalo ukutani vyumbani mwenu, mimi sina haja ya kulitaja. Sisi tulimwita Bwana Kimya. Baba yake alikuwa kinyozi katika mji mdogo, na yeye utotoni akifagia nywele chini, kwa hiyo watu aliwaona shingo kabla ya kuwaona nyuso. Ndiyo maana filamu zake zimejaa migongo. Kuna mtu ameandika kitabu kizima juu ya "falsafa ya mgongo". Mimi nilimuuliza mwenyewe, akaniambia kwamba mtu hajizoezi kudanganya kwa kisogo. Maneno matano, na bwana yule kapata kurasa mia nne.

Na msidhani alikuwa malaika. Nilikaa naye miezi minane nchini kwao. Nitakwambieni nilifikaje, ingawa sijivunii. Nilimwona akimmenyesha mwigizaji wa kike machungwa kutwa nzima mpaka vidole vikachubuka, kisha kipande kile asikitumie. Hakumsifu mtu. Hakumuuliza mtu kama amekula. Neno lake kubwa lilikuwa "hai", na mafundi wetu wa taa wakilisikia hujibu, "Yuko hai, alhamdulillahi." Vitabuni wanalitafsiri "ndiyo". Si ndiyo. Ukikaa nao utajua kwamba mara nyingi maana yake ni "nimekusikia", basi, hakukukubalia wala hakukukatalia.

Lakini kuangalia, alijua kuangalia. Alikuwa akinikalisha chumbani, ananifumbisha macho, ananitaka nitaje kila kilichomo na kilipo. Nikisahau hata kijiti cha kiberiti, tunaanza upya. Nyinyi mkifumba macho hamkumbuki hata rangi ya suruali mliyovaa.

Haya, Qantab, kijiji cha wavuvi nje kidogo ya mji.

Filamu aliyokuja kuipiga kwetu ilikuwa ya mjane wa Kijapani. Mumewe, baharia, amefia bandarini Matrah, na mkoba wake umebaki kwa mzee mmoja wa Qantab aliyemuuguza. Mjane anakuja, anasimama ufukweni, na mzee anatoka nyumbani kumpelekea mkoba. Peke yake. Neno hilo Bwana Kimya alilipigia mistari mitatu kwenye karatasi zake. Uchochoro mtupu, mzee mmoja, mkoba mmoja.

Nyuma ya ukuta walikaa wanaume arubaini wa Qantab na vijiji vya jirani, wakingojea picha ya mchana ya kumsindikiza mjane. Walikuwepo tangu alfajiri. Ami Nassor alikuwa ameshawafundisha mpaka wameiva: mkiitwa mnatembea polepole, hamcheki, hamsemezani, hamtazami kamera. Jua lilipofika utosini ikaja gari ya chakula, wakateremsha masufuria ya biriani wakayapanga nyuma ya kamera, na upepo wa bahari ukaichukua ile harufu ukawapelekea moja kwa moja.

Tulipokuwa karibu kuanza, ukanda wa ndara ya mzee ukakatika. Ami Nassor akanipa kipaza sauti. "Shika, usibonyeze," akasema, akaenda mbio kumfunga ndara. Akiwa anarudi, Bwana Kimya, ambaye tangu afike Maskati hajanisemeza hata salamu, akanigeukia. Akaonyesha mkoba, akainua mkono wake wa kulia, akanyanyua nyusi. Ananiuliza: uko mkono wenyewe?

Moyo ulinijaa, vijana, sikufichini. Watu wote wale, kaniuliza mimi. Nikatazama daftari, mkono wa kulia, ndiyo wenyewe. Nikainua kichwa nikamjibu kama ninavyomjibu mama yangu jikoni: "Sawa!"

Kidole kilikuwa kwenye kitufe. Neno likatoka likapiga majabali ya Qantab likarudi.

Kamera ikaanza. Mzee akatoka na mkoba wake. Na nyuma ya ukuta wanaume arubaini walioambiwa "pamoja" wakainuka pamoja. Wakatembea walivyofundishwa: polepole, kimya, bila kucheka, bila kutazama kamera. Walikuwa wakitazama nyuma yake, kwenye masufuria. Yale "macho yanayotazama mbali kuliko mauti", mliyoyaandikia insha, yalikuwa yakitazama biriani.

Mtaniuliza mbona hakusimamisha. Bwana Kimya hakuwa akipiga kelele. Ishara yake ya kusimamisha kamera ilikuwa kuvua kofia. Siku ile upepo ulikuwa mwingi, na fundi wa mavazi alikuwa amemfunga kofia kwa shali chini ya kidevu, fundo la kisawasawa. Akahangaika na lile fundo. Mpiga picha jicho moja kwenye kamera, jingine kwenye kofia, na kofia haivuki. Fundo lilipolegea, mzee ameshakabidhi mkoba na wanaume arubaini wamesimama nyuma yake kimya, macho yamewalowa. Bwana Kimya mwenyewe aliwaeleza waandishi habari ya fundo lile, tena zaidi ya mara moja. Wakaandika kwamba ni mtu mnyenyekevu sana.

Hapo najua mtacheka na kuzima simu zenu. Msizime, maana mimi bado sijasema nilichotaka kusema.

Meneja wa kazi, mtu wetu wa hapa hapa, akaja mbio kutoka kwenye mahema akitweta. Hajui picha itasifiwa. Anajua imeharibika, na jua linakwenda. "Nani kasema lile neno?" Sauti haikurekodiwa, Bwana Kimya alikuwa akitia sauti ya upepo na mawimbi baadaye, kwa hiyo hakuna kanda duniani yenye ushahidi. Wapiga picha walikuwa Wajapani, macho kwenye kamera, na sauti ya kile chombo ilikuwa mbovu hata huwezi kujua ni ya mwanamke au ya mwanamume. Na kipaza sauti kilikuwa kimeshatoka mkononi mwangu. Ami Nassor alikuwa amekichukua. Hakuninyang'anya. Alinyoosha mkono nami nikakiachia.

Meneja akatazama nani amekishika. Ami Nassor akanitazama mimi. Nami nikatazama daftari.

"Andika jina lake," meneja akaniambia, akanipa kalamu yake ya wino. Nikaandika: *Kosa la neno: Nassor.* Hati nzuri kabisa, hata leo naionea kinyaa.

Ami Nassor akaweka kipaza sauti juu ya kiti, akawaambia wale watu wale chakula kisipoe, akatoka kwenda barabarani kutafuta gari ya kumrudisha mjini.

Ni yeye aliyekuwa amechaguliwa kwenda Japani kusomea uongozaji. Bwana Kimya alimtaka yeye, karatasi zilikuwa tayari. Baada ya siku ile jina lake likafutwa, likatafutwa jina jingine, na mtu wa daftari alikuwa karibu. Hivyo ndivyo nilivyofika. Ndiyo maana nyinyi mnaniita "mwanafunzi wa Mjapani" na kunipa vyeti vya kuning'iniza. Ami Nassor aliingizwa ghalani kutunza nyaya na taa mpaka akastaafu. Miaka yote ile tulikuwa tukikutana ukumbini kazini asubuhi, ananiambia, "Hujambo mwanangu?" namwambia, "Sijambo, Ami." Bora angenitemea mate.

Kule Japani, Bwana Kimya alipokuwa akiunganisha filamu ile, alinionyesha kipande cha Qantab. Alishaamua kukiacha. Akaniuliza kwa Kiingereza chake cha kuokoteza, lile neno maana yake nini. Nikamweleza. Akauliza, na nani alilisema?

Alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu siku ile. Aliniuliza yeye, nikamjibu yeye.

"Nassor," nikasema.

Akanitazama kidogo. "Hai," akasema, akageukia mashine yake. Mpaka tunaagana hakunifumbisha macho tena.

Sasa mwezi uliopita mkanialika kwenye maonyesho yenu. Ukumbi mzuri, viyoyozi kama vya mochari, na katikati kabati la kioo lenye taa, na ndani yake daftari langu, limefunguliwa ukurasa ule ule. Chini mmebandika maelezo kwa Kiarabu na Kiingereza: *Kosa lenye baraka la marehemu Nassor.* Nikasimama pale nikasoma mara tatu. Marehemu! Mtu yuko Qantab kwa binti yake, mwendo mdogo kwa gari, na katika nyinyi nyote hakuna aliyeuliza. Wala mimi nilikuwa sijakwenda kumtazama, basi nawacheka nini.

Bwana mmoja mwenye miwani ya duara akazungumza saa nzima. Kwamba jamii inaubeba msiba wa mgeni, kwamba wale arubaini ni hesabu ya siku za maombolezo. Walikuwa arubaini kwa sababu gari zilikuwa mbili. Kisha nikaitwa jukwaani, mmenishika mikono miwili kama yai.

Nikasema. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikasema mbele za watu: lile neno nililisema mimi, Nassor hana kosa, na wale watu walikuwa wanaifuata biriani.

Kisha mkapiga makofi. Mkasimama kabisa! Kijana mwenye maonyesho, Hilal, akanikumbatia mabega.

"Wallahi Bibi umewaweza! Biriani! Fumbo zito hilo."

"Si fumbo, Hilal. Nifungulie kabati nifute ule mstari. Na Nassor si marehemu, yuko hai."

"Yuko hai katika nyoyo zetu, Bibi."

"Yuko hai Qantab, mjinga wewe! Nifungulie!"

Akacheka, akanishusha ngazi kwa adabu. "Bibi, lile daftari sasa ni nyaraka. Haliguswi. Na tukisema ni biriani, filamu itabaki na maana gani?"

Kwa hiyo msinilaumu nikikudharauni. Mtu wenu mkubwa akisema kweli mnaita unyenyekevu, kikongwe akisema kweli mnaita fumbo. Lakini dharau yangu kubwa naiweka mahali pake. Nyinyi mmeusoma tu ule mstari. Aliyeuandika, tena kwa hati nzuri, ni mimi.

Asubuhi ya pili nikawasha gari nikaenda Qantab. Mlango alinifungulia msichana wa Kiganda anayemtunza mzee, Grace. "Karibu madam," akasema. "Baba ako majlis, lakini leo amenuna."

Nikamkuta Ami Nassor sebuleni. Amekwisha, mwili umebaki kidogo ndani ya kanzu. Macho bado yake.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba. Nani wewe?"

"Rayya. Wa daftari."

"Aa. Umenenepa."

Sikukaa. Nilijua nikikaa nitaanza habari za afya na wajukuu. "Ami, siku ile neno nililisema miye. Na jina lako nililiandika miye. Kwa wino."

Akaiweka sawa kofia yake. "Nnajua. Nilikuwa nshafika nyuma yako. Nilikusikia."

"Sasa mbona hukusema, Ami?"

"Neno useme wewe, mdomo wa kulikiri nikuazime miye?" Akakohoa. "Nilikuwa nnangoja. Leo atasema, kesho atasema. Kila asubuhi pale ukumbini nakupa salamu, nakuachia na nafasi. Wewe unanambia hujambo. Nimengoja mpaka meno yameng'oka yote."

Nikalia. Sikulia vizuri kama wa kwenye filamu, nililia makamasi. Nikamwambia kwamba nimesema mbele za watu wakapiga makofi, na kwamba wamemwandika marehemu. Hilo la marehemu lilimchekesha.

"Grace!" akaita. "Lete dele."

Grace akaja na dele na finjani, akataka kumimina. Akamzuia kwa kiganja. "Mpe huyu. Kasema neno kazini."

Nikashika dele mkono wa kushoto, finjani mkono wa kulia, kama sheria yake. Nikamimina, akanywa. Akainyoosha finjani bila kuitikisa. Nikamimina ya pili. Ya tatu. Magoti yangu mabovu na Grace alitaka kunisogezea kiti, mzee akamtazama akakiacha.

"Baba, dokta alisema kahawa kidogo," Grace akanung'unika.

"Nyamaza wewe. Hii si kahawa."

Ya saba. Ya nane. Dele lilikuwa likinilemea na machozi yamekauka usoni yakaniwasha, na sikuwa na mkono wa kuyafuta.

"Bado, Ami?"

"Bado."

Akainyoosha tena. Mkono wake siku hizi unatetemeka wenyewe, maradhi ya uzee, na finjani ikaanza kuchezacheza hewani. Nikasita, nikadhani ametikisa, nimemaliza. Akaliona hilo. Akauinua mkono wake wa pili, akaukamata ule wa kwanza kwenye kifundo, akaubana kwa nguvu zote alizobakiwa nazo mpaka finjani ikatulia kabisa.

Nikamimina.